Springi ya Nne

Kwa mara ya tatu tangu Jumatatu, Inspekta Jilala alipiga magoti ndani ya kibanda cha bati nyuma ya nyumba ya Badrudin, akachungulia chini ya gari lililomwangukia Hasnain.

Manyunyu yalianza alfajiri na hayakuonyesha dalili ya kukoma. Mji wa Tabora ulikuwa umejikunyata. Matone yaligonga bati kwa sauti moja ya kuchosha, na kutoka ndani ya nyumba zilisikika sauti za wanawake waliokuja kukaa na mfiwa, wakisema kidogo na kunyamaza kirefu.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Hasnain, mwana pekee wa mzee Badrudin muuza vitambaa, alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na alilipenda gari la baba yake, Pijo jeupe, kuliko kitu chochote. Alitaka kulishusha, likae chini karibu na barabara kama alivyoona magari ya vijana wa Dar es Salaam. Springi fupi za kazi hiyo hazikupatikana popote nchini, na hata zingepatikana asingeziweza bei. Akaamua kuzikata zile zile za gari, nyumbani, kwa msumeno wa chuma. Alichagua Jumapili alasiri, saa ambazo magari binafsi yalikuwa yamepigwa marufuku kutembea ili kubana petroli, kwa hiyo hakuna aliyelihitaji gari. Saa kumi na moja wazazi wake waliporudi walimkuta amelala chali chini ya pua ya gari, gari limemkalia kifuani.

Mwanzo kila mtu alisema ni ajali. Jilala ndiye aliyeharibu maneno hayo. Jeki ilikuwa ya mafuta, fupi na nene kama chupa, na skrubu yake ya kushushia ilikuwa imelegezwa mizunguko miwili. Halafu kulikuwa na tairi la akiba. Badrudin aliapa kwamba kabla ya kutoka alimwona mwanawe akililaza chini ya ubavu wa gari, ili jeki ikiteleza gari liegemee hapo. Polisi walilikuta limesimamishwa ukutani, hatua nne kutoka kwenye gari.

Jeki haijifungui na tairi halitembei lenyewe. Kulikuwa na mtu wa pili.

Na mtu alishapatikana. Shilinde, mlinzi wa ua ule, alikamatwa Jumatatu ndani ya treni ya Mwanza ilipofika Bukene. Ijumaa iliyotangulia Hasnain alikuwa amempiga kofi mbele ya watu kwa kuacha mlango wazi. Kamanda alilitaka jalada mezani kwake Alhamisi. Leo ilikuwa Jumatano.

"Afande, tunatafuta nini hasa?" aliuliza Sajini Bertila, aliyekuwa amesimama mlangoni na daftari chini ya koti la mvua.

"Sijui. Ndiyo maana nimerudi."

Jilala aliokota kitu chini ya benchi. Kilikuwa kipande cha chuma cha mviringo, kinene kama kidole gumba, upande mmoja kimekatwa na meno ya msumeno yakionekana. Akatafuta tena. Vilikuwa vitatu. Akavifunga kwenye leso, akanyoosha mgongo, na alipoinua kichwa ndipo macho yake yakagota kwenye paa.

"Bertila, panda juu ya hilo sanduku. Niambie unaona nini hapo juu."

Bertila alipanda, akapapasa bati kwa vidole. "Limebonyea, afande. Limesukumwa kutoka ndani kwenda nje, kwa nguvu. Kuna grisi." Akanusa kidole. "Kutu haijaingia. Ni juzi juzi."

Mzee Badrudin alitokea mlango wa nyuma. Hakuwa amenyoa tangu Jumapili na alionekana mdogo ndani ya shati lake.

"Inspekta, mtu wenu mmemshika. Mnatafuta nini tena?"

"Pole sana, mzee. Swali moja tu. Kazi hii Hasnain alikuwa akiifanya na nani?"

"Peke yake. Alisema peke yake."

"Hakuwa na rafiki fundi?"

"Saidi. Wamesoma pamoja tangu darasa la kwanza. Lakini Saidi Jumapili alikuwa Igunga, lori lao liliharibika huko. Alirudi Jumatatu asubuhi, akaja moja kwa moja kwenye maziko. Jeneza alibeba yeye." Mzee aliushika mwimo wa mlango. "Yeye mbele, mimi nyuma."

*

Duka la vipuri la Popatlal lilikuwa na vumbi jingi kuliko vipuri. Mwenyewe aliketi nyuma ya meza ndefu, amevaa sweta, akisoma gazeti la wiki iliyopita. Jilala alifungua leso na kumwaga vipande vitatu mbele yake.

Popatlal alivigeuza geuza. "Springi za Pijo. Huyu kijana alikuja hapa mwezi uliopita kuuliza springi fupi. Nikacheka. Nikamwambia, hata ndefu sina. Kata zako, kama baba yako atakubali."

"Gari lile lina springi ngapi?"

"Nne. Mbili nyuma, mbili mbele."

"Na hapa kuna vipande vitatu."

"Basi alikata tatu. Ya nne hakuwahi."

"Mbili ziko nyuma ya gari, fupi. Moja iko mbele kushoto, fupi. Mbele kulia hakuna kitu. Nimeona shokapu imelala chini, tupu. Springi yake haimo kibandani, haimo uani, haimo nyumbani."

Popatlal alivua miwani. "Haimo?"

"Nieleze inavyotolewa. Nieleze kama mtu asiyejua kitu."

"Za nyuma ni rahisi. Unainua gari, zinalegea, unazitoa kwa mkono. Za mbele ni kazi ya hatari." Popatlal alikunja mkono wake mmoja kuzunguka mwingine. "Springi imeizunguka shokapu, na imebanwa wakati wote, mchana na usiku. Juu kuna nati moja inayoizuia. Ukifungua nati hiyo bila kuifunga springi kwanza, inaruka. Inang'oa kichwa cha mtu."

"Inafungwa na nini?"

"Vibano. Kulabu mbili na bolti ndefu katikati. Unaweka kimoja huku, kimoja huku, unakaza mpaka springi inajikunja, ndiyo unafungua nati."

"Na kazi hiyo fundi anaifanyia wapi? Chini ya gari?"

"Chini ya gari utafanya nini?" Popatlal alimkazia macho. "Shokapu unaitoa nje, unaisimamisha mbele yako, unaiinamia."

Jilala aliinua macho juu. Aliliona lile bati lililobonyea kama analitazama tena.

"Hapa mjini nani ana vibano?"

"Nilikuwa na jozi moja. Niliiuzia karakana ya malori ya umma walipofungua. Tangu hapo sijaona nyingine."

*

Shilinde aliketi kwenye sakafu ya mahabusu, magoti kifuani. Alikuwa mtu wa makamo, na jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba. Jilala aliliona jicho lile na hakuuliza. Alijua lilivimba ndani ya jengo hilo hilo.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Shilinde, Jumapili ulikuwa wapi?"

"Nimekwisha sema. Nilikimbia kwa sababu niliogopa. Nani angeniamini, na kofi lile watu wameliona?"

"Sikukuuliza kwa nini ulikimbia. Nimekuuliza ulikuwa wapi kabla."

Shilinde aliinua uso. Ilielekea hakuna aliyemwuliza hivyo. "Kwa muuza tumbaku, ng'ambo ya barabara. Hasnain alinipa ruhusa. Alisema niende nikapumzike, nisirudi mpaka jioni."

"Ukiwa kule ulisikia chochote?"

"Nilisikia mlio, paa! Kama bunduki. Tukasema labda ni bati limepigwa jiwe. Halafu kimya. Ikaadhiniwa alasiri, watu wakaenda kusali, wakarudi. Ndipo nikasikia kishindo kingine. Hicho kilikuwa kizito, puu, kama gunia la mchele limetupwa kutoka juu ya lori."

"Una hakika mlio wa kwanza na wa pili iliachana hivyo?"

"Watu walitoka kusali, afande. Muuza tumbaku mwenyewe alikwenda na kurudi."

Jilala alisimama. Mlio, kimya kirefu, kisha kishindo. Katika kimya kile kulikuwa na mtu amekaa kibandani akifikiri la kufanya.

"Mletee chai huyu," alimwambia Bertila. "Na mtu wa kumtazama hilo jicho."

*

Karakana ya malori ya umma ilikuwa karibu na stesheni. Malori sita yalisimama uani kwenye matope, manne yakiwa hayana magurudumu, yakingoja vipuri ambavyo hakuna aliyejua vingekuja lini. Fundi mkuu Ngollo, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliwapeleka kwenye ukuta wa vifaa.

"Vibano vyenu vya springi viko wapi?"

"Vile pale."

Spana, nyundo na tindo zilizoning'inia ukutani zote zilikuwa nyeusi kwa mafuta ya miaka. Vibano viwili tu vilimetameta. Jilala alivinusa.

"Vimeoshwa kwa petroli."

Ngollo alikunja uso. "Petroli? Tunapimiwa kwa kikombe hapa. Nani aoshe vibano?"

Jilala alikigeuza kimoja. Kulabu yake ilikuwa imepinda, na nyuzi za bolti zilikuwa zimesagika mpaka chuma kimekuwa laini.

"Hicho ni kibovu," Ngollo alisema haraka. "Nyuzi zimekwisha. Nilikataza kisitumike. Kinaweza kumuua mtu."

"Uligundua wewe mwenyewe?"

"Hapana. Saidi ndiye aliyeniambia. Kama wiki tatu zilizopita. Ni fundi mzuri, Saidi, ana jicho."

"Na Jumapili Saidi alikuwa Igunga, kwenye lori lililoharibika."

Ngollo alimtazama Inspekta, kisha Sajini. "Lori la Igunga? Walirudi nalo Jumamosi mchana, Ndugu Inspekta. Lile pale."

Mvua ilizidi. Nyuma ya karakana kulikuwa na rundo la vyuma chakavu, na ndani yake springi nyingi, kubwa, za malori, nyekundu kwa kutu. Jilala alizunguka rundo lile polepole. Ukitaka kuficha springi utaipeleka wapi? Alijiinamia, akahamisha chuma kimoja, akahamisha cha pili. Chini yake ilikuwepo moja nyembamba, nyeusi, isiyo na kutu, bado ina grisi. Akachomoa kipande kimoja kutoka kwenye leso na kukiweka juu yake. Unene ulikuwa mmoja. Kwenye mzunguko wa juu kulikuwa na doa kavu la hudhurungi na nywele mbili tatu fupi za ndevu.

Alipogeuka, kijana mwembamba mwenye ovaroli la buluu alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, akifuta mikono kwa kitambaa. Mikono ilikuwa safi tayari lakini aliendelea kuifuta.

"Shikamoo, afande," alisema Saidi.

"Marahaba. Chukua koti lako. Kuna mvua."

*

Daktari aliyeuchunguza mwili aliwatangulia kituoni. Alikuwa kwenye benchi la mapokezi, karatasi imekunjwa mfukoni, na aliomba waongee pembeni.

"Nimechelewa kuandika kwa sababu sikupenda nilichokiona," alisema. "Taya limevunjika. Limepigwa kutoka chini kwenda juu. Hilo si gari."

"Najua. Ni springi."

"Basi sikiliza na hili. Mbavu zimevunjwa na gari, na ndani ya kifua kulikuwa na damu nyingi. Maiti haivuji hivyo, Inspekta. Gari lilipomshukia, moyo ulikuwa unapiga."

Jilala alitazama mlango wa chumba cha mahojiano. "Na taya peke yake lingemuua?"

"Taya tunalifunga kwa waya. Mtu anakunywa uji kwa mrija wiki sita, kisha anarudi nyumbani."

*

Saidi hakuwasumbua. Bertila alikuwa hajamaliza kuandika tarehe kijana alipoanza kusema, macho mezani penye ile springi.

"Alinibembeleza mwezi mzima. Mzee alikuwa anauza gari wahame, waende Kanada kwa shangazi yake. Hasnain hakutaka kwenda. Alisema, likiwa chini hakuna mtu Tabora atakayelinunua, na barabara hizi. Akacheka sana. Nikasema haya."

"Vibano ulivichukua lini?"

"Jumamosi jioni. Bila ruhusa. Ningevirudisha Jumatatu kabla ya kengele."

"Ulijua kimoja ni kibovu."

"Nilijua. Nilimwambia. Tukafunga na waya juu yake. Ya kushoto ilitoka vizuri, tukaikata, tukairudisha, nikasema unaona? Ya kulia nikakaza, akainama kufungua nati. Nilimwambia asiiname hivyo." Saidi aliondoa mikono mezani. "Waya ulikatika. Sikuiona hata ilivyoruka. Nilisikia tu bati. Nikamwona amekaa chini, halafu akalala."

"Kwa nini hukuita mtu?"

"Alikuwa amekufa, afande. Niliweka mkono puani, ni damu tu. Nilimwita, nikamwita. Hakujibu."

"Ukakaa naye."

"Nilikaa. Adhana ikapita. Nikaviona vile vibano." Alinyanyua mikono kidogo, akaishusha. "Mwaka jana wenzetu wawili walifungwa kwa kuchukua betri ya umma. Mkutanoni wakaitwa wahujumu uchumi, mbele ya mama zao. Nina mama, Bi Mwanamkuu, hana mwingine. Nikajiambia Hasnain ameshakwenda, hata nikisema hatarudi. Kama gari limemwangukia ni ajali, na hakuna atakayeuliza vibano. Nikamvuta chini. Nikaondoa tairi. Nikalegeza jeki."

"Na Shilinde?"

"Sikujua watamshika Shilinde. Nilikuwa nangoja mtaona hana kosa, mtamwachia."

"Angenyongwa, Saidi."

Kijana aliinamisha kichwa. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokiweza:

"Kwa vile vibano, afande, nitafungwa miaka mingapi?"

Jilala alikuwa askari kwa miaka kumi na tisa. Alikwisha kuwapa watu habari za vifo barabarani, shambani, na mara moja ndani ya behewa. Alivuta kiti karibu.

"Saidi, nitazame. Hasnain hakuuawa na springi. Ilimvunja taya na kumzimisha. Daktari amekwisha pima. Alikuwa hai ulipolegeza jeki."

Saidi alimtazama bila kupepesa.

"Hapana. Alikuwa amekufa."

"Alikuwa hai."

"Kulikuwa na sauti," Saidi alisema hatimaye, polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. "Nilipokuwa nafungua. Kama mtu anavuta pumzi. Nilidhani ni mafuta ya jeki yanarudi."

Kalamu ya Bertila ilisimama. Alimtazama Inspekta akingoja ishara.

"Andika," Jilala alisema. "Kama alivyosema."

*

Saa kumi na mbili kasorobo Shilinde alitoka kituoni na furushi lake la nguo. Hakuna aliyemwomba radhi isipokuwa Jilala, na Shilinde aliitikia kwa kichwa tu, akaondoka upande wa stesheni bila kugeuka nyuma.

Jilala alikwenda nyumbani kwa Badrudin kwa miguu, peke yake. Alitaka jambo lenyewe walisikie kutoka kwake kabla ya mtaa kulileta. Wageni walikwisha kuondoka. Mzee aliketi kwenye kochi chini ya saa ya ukutani, na mkewe, Dolatbai, alikuwa akifunika sahani ya wali kwa sahani nyingine. Alipomwona Inspekta uso wake ulichangamka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

"Afadhali umekuja. Wewe unapita mjini kila siku," alisema. "Saidi anaumwa? Tangu maziko hajaonekana. Ukimwona mwambie aje ale. Mwambie mama amesema, asione haya, nyumba hii ni yake, sasa sina mwingine."

Badrudin alikuwa amekwisha kuutazama uso wa Jilala. Aliweka mkono juu ya mkono wa kochi na kuushika sana, kama mtu anayesikia nyumba inatikisika.

Jilala alivua kofia iliyolowa.

"Mama," alisema, "iweke hiyo sahani chini. Kaa kwanza."